Makala sita, kisha kimya: jibu kwa fundi aliyekwama na blogu yake

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 41. Mwezi wa tatu nilifungua blogu. Wiki mbili za kwanza niliandika makala sita: mapenzi, bei ya sukari, malezi, mapishi ya pweza, ushauri kwa vijana na moja ya mishono ya Idd. Tangu hapo hakuna kitu. Nasubiri watoto walale, saa nne usiku nashika simu maana bando la usiku ni rahisi, naandika mstari mmoja, naufuta, naandika tena, nafuta, mpaka kichwa kinauma na herufi zinacheza. Nina rasimu kumi na moja na hakuna hata moja iliyofika nusu. Wenzangu wanaposti kila siku. Shemeji anasema nitumie programu ya akili bandia iniandikie. Mume wangu anasema labda tununue laptopu kwanza. Mimi nahisi sina kipaji, maana mchana nikiwa nakata vitambaa maneno yanakuja yenyewe. Juzi nilimweleza mteja dakika kumi nzima kwa nini gauni lake la lesi lisishonwe bila bitana, na wote waliokuwa kibandani walinyamaza wakisikiliza. Lakini nikishika simu, kimya. Je, niache? Nichague mada moja? Na nikichagua moja, sitaishiwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye gauni la lesi. Wewe umelitaja kama ushahidi wa kujishtaki. Mimi naona ndipo penye jibu lako, na tutafika huko.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Hamu unayo, maana asiye na hamu hakeshi na simu miezi yote hiyo. La kusema unalo pia. Kinachokuumiza ni kwamba maneno yanayokutoka mchana mbele ya mteja yanagoma usiku mbele ya kioo cha simu, nawe umeanza kuuchukua mgomo huo kuwa kipimo cha uwezo wako. Nimehariri kazi za watu kwa miaka ishirini na sita, gazetini kwanza na sasa darasani, na mgomo huo naufahamu kwa sura. Ulinikuta hata mimi. Kwa miaka minane niliandika habari za bei za mazao na sikuwahi kukosa la kuandika. Kisha nikapewa safu ya kila wiki, niandike chochote nitakacho. Wiki ya tatu nilikaa ofisini mpaka mlinzi akaja kuzima taa, na kwenye karatasi palikuwa na jina langu tu. Mkuu wangu wa dawati hakunipa mawaidha. Kesho yake aliniletea barua ya mkulima aliyeuliza kwa nini mahindi yaleyale yana bei mbili ndani ya soko moja. Niliandika ile makala kwa saa moja na kidogo.

Kwa hiyo tuliweke pembeni neno kipaji. Mwaka 1947 daktari wa nafsi aliyezaliwa Austria, Edmund Bergler, ndiye aliyelipa tatizo hili jina lake la Kiingereza, "writer's block", yaani kukwama kwa mwandishi, akalitafutia asili utotoni mwa mwandishi. Tangu hapo watu wengi wamelichukua kama ugonjwa au kama hukumu. Waliokuja baadaye walikaa na watu waliokwama na kutazama hasa wanafanya nini wakiwa wameshika kalamu, na walichokiona ni tabia za kazi. Tabia za kazi hurekebishika.

Kuna hili la kungoja mzuka pia. Hujalitaja kwa jina, ila limo katika barua yako: makala sita ndani ya wiki mbili, kisha kungoja moto ule urudi. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani Robert Boice alichapisha jaribio alilofanya na wahadhiri 27 waliokuwa wakihangaika na uandishi. Kundi moja liliambiwa lisiandike isipokuwa kwa dharura. La pili waandike wanapojisikia. La tatu waandike kwa ratiba, na asiyetimiza apate adhabu waliyokubaliana. Waliobanwa na ratiba waliandika kurasa nyingi kuliko wengine kwa mbali, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba ndio waliopata mawazo mapya mara nyingi zaidi, kuliko hata wale waliokuwa wakiyangoja. Watu 27 ni kundi dogo, na sitaki ulibebe kama sheria. Lakini yanafanana na niliyoyaona kwa wanafunzi wangu: wazo mara nyingi huja mtu akiwa tayari ameshaanza.

Sasa tuingie ndani ya kukwama kwenyewe, maana ukijua kinachotokea kichwani hutajilaumu ovyo.

Sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi ni ndogo sana. Mwanasaikolojia Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria kuwa hubeba kama vitu vinne kwa mara moja. Hebu hesabu unavyobeba wewe saa nne usiku: unatafuta la kusema, unawaza nani atasoma, unachagua neno, unabonyeza herufi ndogo kwa kidole gumba, unasahihisha tahajia simu inapokubadilishia neno, halafu unausikiliza mstari wenyewe kama msomaji mkali na kuutolea hukumu. Mzigo umeshazidi. Kinachodondoka kwanza ni kile cha maana, la kusema lenyewe. Ndiyo maana unahisi kichwa ni kitupu wakati ukweli ni kwamba kimejaa.

Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes, wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, waliandika juu ya watu waliowaomba waseme kwa sauti yote wanayoyawaza huku wakiandika. Waliona kazi tatu zikipishana muda wote: kupanga, kuweka wazo katika maneno, na kupitia kilichoandikwa. Kwa mwandishi mzoefu kupishana huko hakuna shida, kama wewe unavyoweza kukanyaga cherehani huku unamjibu mtu bei. Mwanafunzi wako wa kwanza wa ushonaji anaweza? Hawezi. Unampa kitambaa kilichokwisha kukatwa, ashone mstari ulionyooka, na hakuna kupiga pasi hapo. Wewe kwenye kuandika umejitendea ukali ambao humtendei mwanafunzi wako. Unakata, unashona, unafumua na kupiga pasi kwa wakati mmoja, kwenye mstari mmoja.

Kisha kuna kanuni za shule. Mwaka 1980 Mike Rose wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, alieleza habari za wanafunzi kumi, watano wanaokwama na watano wasiokwama. Waliokwama hawakuwa na akili pungufu. Walikuwa na kanuni ngumu mno. Mmoja aliamini kila sentensi lazima iwe sahihi kabisa ndipo aende ya pili. Mwingine alitumia saa nyingi kutafuta ufunguzi wa kumnasa msomaji, na asipoupata haendelei. Sisi wa Kiswahili tuna zetu, na nadhani zinakushika wewe pia: insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, anza na maana ya neno, usiandike unavyosema. Nitaweka dau kwamba katika rasimu zako kumi na moja, nyingi zinaanza na kitu kama "Ndugu msomaji, katika ulimwengu wa sasa". Ile sentensi haina kosa la sarufi. Shida yake ni kwamba haimwelekei mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna sentensi ya pili inayoifuata kwa kawaida. Kwenye kibanda chako hukumwambia yule mama "katika ulimwengu wa sasa lesi ni kitambaa maarufu". Ulianza na gauni lake.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Unaniuliza uchague mada gani. Mada ni kama jora zima la kitambaa lililolazwa mezani. Ni kizuri, ni kingi, na huwezi kuweka mkasi popote kwa sababu hakuna mteja uliyempima. Ushonaji ni mada. Malezi ni mada. Mapenzi, wewe, hiyo ni mada ambayo watu wameanza kuiandikia kabla hatujazaliwa na hawajaimaliza. Swali ni kitu kingine. Swali lina mwenyewe, lina kiuno na mabega. "Kwa nini gauni langu la kitenge linavuta mgongoni nikiketi?" Ukisikia hivyo, tayari unajua pa kuanzia, unajua nini si cha kusema, na unajua umemaliza lini, kwa sababu umemaliza pale mtu anapopata jibu. Mambo matatu katika yale yanayojaza kichwa yanaondoka kwa mpigo.

Ndiyo maana juzi ulizungumza dakika kumi bila kukwama. Kulikuwa na kitambaa, kulikuwa na mtu, na kulikuwa na hatari ya gauni kuharibika.

Hivyo basi, kabla ya kuandika makala yoyote nataka ufanye kazi moja ya wiki moja. Una daftari la vipimo, fundi gani hana? Ligeuze upande wa nyuma. Kila mteja akiuliza kitu, andika swali lake kwa maneno yake yeye, hata kama ni la kuudhi. "Fundi, mbona umenikatia kitambaa kingi, mwenzangu alitumia kidogo?" Hilo lina makala ndani: kitenge cha maua makubwa hula kitambaa zaidi kwa sababu maua lazima yakutane kwenye mshono. "Mbona gauni limekuwa fupi baada ya kufua?" Pamba hurudi, na wengi hawajui kuloweka kitambaa kabla ya kukikata. Mteja anayekuletea picha ya nguo kwenye simu na kitambaa kisichoweza kamwe kukaa vile. Sare za shule Januari, mzazi anataka sketi ya kukua nayo. Zipu ya kuficha inayokwama kiunoni. Mtu anayeleta kitambaa siku tatu kabla ya Idd. Mimi si fundi, na nimekutajia sita nikiwa nimekaa hapa. Wewe wa miaka yote hiyo hutaishiwa. Anayeishiwa haraka ni yule anayeandika kila kitu, kwa sababu kila asubuhi anaanza na jora jipya.

Lakini je, ni lazima ujifunge kwenye ushonaji? Hapa sitaki kukudanganya, kuna faida na hasara. Ukijifunga, msomaji ajaye kwa ajili ya bitana atarudi kwa ajili ya zipu, na wewe utakuwa unaandika unachokijua kwa mikono. Hasara ni kwamba utaacha wasomaji wa pweza, na inawezekana kabisa makala ya pweza ndiyo iliyosomwa sana. Tena kuna njia ya tatu ambayo washauri wengi hawaitaji. Issa Michuzi, mpiga picha wa habari, alianza blogu yake mwaka 2005, na mle ndani kulikuwa na viongozi, harusi, misiba, mitaa, kila kitu. Hakujifunga kwenye mada. Alijifunga kwenye umbo: picha, na maelezo mafupi chini yake. Watu walijua watakachokikuta. Kwa hiyo unaweza kusema: blogu yangu ni maswali yanayoulizwa kibandani kwangu. Kibandani watu hawaongei nguo tu. Wanaongea sukari, wanaongea watoto, na ndoa pia wanaongea, wewe unajua kuliko mimi. Siku moja kati ya tano, swali likiwa la sukari, lijibu. Ushauri wangu wa wazi ni huo: makala kumi za kwanza ziwe za nguo, kisha fungua mlango kidogo. Na ukiandika yaliyosemwa kibandani, majina na mambo ya siri ya wateja yabaki kibandani.

Kuhusu wakati. Saa nne usiku, baada ya cherehani, jiko na watoto, ni saa mbaya kwako, na bando ndilo limekuchagulia. Kuandika hakuhitaji bando. Andika kwenye karatasi au sehemu ya maandishi ya simu bila intaneti, kisha usiku tumia bando kupandisha tu kilichokwisha kuwa tayari. Jaribu dakika ishirini asubuhi kabla ya kufungua kibanda, siku tatu kwa wiki, na dakika zikiisha simama hata kama unaona utamu. Utamu huo utakurudisha keshokutwa.

Kuna jambo jingine la umakini linalohusu mafundi hasa. Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba mtu akiruka kutoka kazi ambayo haijaisha kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kule alikotoka. Wewe kila siku unaondoka kibandani na magauni manne yasiyokwisha. Baadaye yeye na mwenzake waliona kwamba mtu akiandika kwa ufupi amefikia wapi na ataanzia wapi akirudi, akili huachia. Basi kabla ya zile dakika ishirini, andika: la mama fulani limebaki pindo, la bibi harusi linangoja vifungo. Kisha geuza ukurasa.

Na ukishindwa kabisa kuandika, sema. Jirekodi kwa simu kama unavyotuma sauti ya WhatsApp kwa dada yako, ukijibu swali moja tu. Kisha sikiliza na uandike ulichosema. Kibodi ya Google pia hupokea Kiswahili kwa sauti, tangu mwaka 2017, ingawa itakubidi uweke vituo mwenyewe na kuyasaka maneno iliyoyasikia vibaya. Watu wa pwani mna bahati ya ulimi, na ni hasara kuufunga ili uandike kama barua ya ofisi. Kufuta usifute chochote siku hiyo. Kesho yake ndipo ushike mkasi: ondoa ufunguzi wa kishule, fupisha, sahihisha, pandisha.

Laptopu isubiri. Ikipatikana ni nzuri, vidole vitapumzika, lakini haitakuletea swali la mteja. Programu ya shemeji yako nayo itakupa ukurasa mzima kwa sekunde chache, maneno laini yasiyo na mkwaruzo. Unaweza kuitumia ikuonyeshe makosa ya tahajia. Kukuandikia, hapana, kwa sababu wakati yule mama anakunja uso kwa sababu ya bei ya bitana, yenyewe haikuwepo, na hicho ndicho msomaji anachokifuata kwako. Hao wenzako wanaoposti kila siku waache na ratiba zao. Makala moja kwa wiki, iliyojibu kitu, inatosha kwa mtu mwenye cherehani na watoto.

Kabla hujaanza kuweka habari za matukio au siasa, fika au piga simu ofisi ya kanda yenu ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwaka 2018, zikabadilishwa 2020 na tena 2022, na leseni inategemea aina ya unachoandika. Mimi si mwanasheria. Uliza, upate jibu la leo kutoka kwao.

Yamebaki mawili ambayo hayawezi kutibiwa kwa barua. Unasema kichwa kinauma na herufi zinacheza. Una miaka 41. Je, siku hizi kutunga uzi kwenye sindano unasogeza mkono mbali kidogo? Kuanzia miaka ya arobaini hivi lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake wa kuona vitu vya karibu, na inampata karibu kila mtu. Nenda kliniki ya macho upimwe, usinunue miwani ya barabarani kwa kubahatisha. Inawezekana nusu ya kukwama kwako ni macho yaliyochoka.

La pili naliuliza kwa upole. Ukimya huu uko kwenye kuandika tu, au umeingia kwingine? Kama kwa wiki mbili au zaidi hupati usingizi, chakula hakipiti, na hata kazi ya mikono uliyoipenda haikupi raha, au unajiona huna thamani hata kwa wanao, hiyo inaweza kuwa sonona, na mbinu zangu za daftari hazitoshi. Mweleze mumeo, kisha nenda kituo cha afya au hospitali ya mkoa uonane na mhudumu ana kwa ana. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho. Barua yako hainionyeshi hivyo, maana bado unafurahi ukisimulia ya kibandani, lakini ni wewe unayejua.

Wiki ya daftari ikiisha, shika Jumamosi asubuhi. Juu ya ukurasa andika: kwa nini gauni la lesi lisishonwe bila bitana? Chini yake mjibu yule mama kama ulivyomjibu, kuanzia gauni lake. Mimi mwenyewe nataka kujua, mke wangu ana lesi kabatini tangu mwaka jana. Na kama unakumbuka alichokuuliza ulipomaliza kueleza, kiandike ukurasa unaofuata, hiyo ni makala yako ya Jumamosi ya pili.